Ndege Zetu Zilitokea Mkono wa Kushoto

Juzi hapa nyumbani Bunju wajukuu zangu walitundika shuka langu jeupe barazani, wakawasha kile chombo kidogo cha kurushia picha walicholetewa na mama yao, wakakaa kutazama katuni. Shuka lenyewe hawakuliomba, lakini hayo tuyaache. Yule mdogo, ambaye hajui kutulia, akazunguka nyuma ya shuka na kupiga kelele: "Bibi, njoo uone! Huku kila kitu kimegeuka!" Akarudi mbele, akaenda tena nyuma kuhakikisha, akacheka, halafu akasahau. Mimi nilibaki nimesimama na sahani ya mihogo mkononi hadi ikapoa. Jambo ambalo mtoto yule alilielewa kabla hajameza alichokuwa akitafuna, mimi lilinichukua miaka kulielewa, na nilipolielewa halikuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka ile miezi ya vita. Redio ilikuwa haizimwi, malori yalipita usiku na mchana, na wanaume waliokuwa wakicheza bao jana yake leo unaambiwa wameandikishwa mgambo, wako kambini. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka kusini, upande wa Newala, mpaka mwingine kabisa na ule wa vita, na kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago. Vinyago vile vilisuguliwa kwa dawa nyeusi ya viatu vikang'aa, kwa hiyo mikono ya baba ilinukia dawa ya viatu siku zote, ilhali miguuni alivaa kandambili. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Akirudi jioni alinibeba mabegani na kunizungusha uwani, na mama akasema utamharibu huyo, na baba akamjibu kwamba kitu kizuri hakiharibiki kwa kushikwa.

Tulikuwa wapangaji Temeke, kwenye nyumba ya Mzee Kondo. Vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma, na sisi chumba chetu kilikuwa kile cha jirani na choo. Mzee Kondo alikuwa mwenye nyumba na pia mjumbe wa nyumba kumi, kwa hiyo ukigombana na mwenye nyumba wako ujue umegombana na serikali. Mkewe, Bi Sihaba, alikuwa mwanamke wa sauti laini na maneno ya kukata maini. Binti yao, Zaituni, alinizidi umri kidogo, gauni na viatu, na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha.

Ndipo likaja gari la sinema. Mara nyingine lilileta filamu za kilimo na usafi wa vyoo, lakini safari hii, kwa ajili ya vita, lilileta filamu ya kufundisha watu kuzitambua ndege za kijeshi, ipi yetu na ipi ya adui. Shuka kubwa lilitundikwa kiwanjani kati ya nguzo mbili baada ya magharibi. Mbele viliwekwa viti vya wakubwa, nyuma ya viti mikeka ya kina mama, na pembeni ya mikeka walikaa watoto wa wenye nyumba. Sisi tulipofika, afande wa mgambo aliyesimamia shughuli, mtu mrefu mwenye fimbo ya mpera, alituuliza sisi watoto wa nani. Kabla hatujajibu Zaituni akamjibu, "Hao wapangaji." Afande akanyoosha fimbo: "Nyie, nyuma ya shuka. Picha ni ile ile."

Na kweli picha ilikuwa ile ile. Tulikaa chini kwenye mchanga, mimi na Hamisi wa chumba cha mwisho na wengine, tukitazama vivuli vya ndege vikipita juu ya shuka. Msemaji kwenye kipaza sauti alieleza mambo ya mabawa, mikia na pua za ndege, kwa kasi na kwa maneno ambayo hata mikeka ya kina mama haikuyaelewa. Lakini watoto hawahitaji kuelewa maneno ili wajifunze. Wote tuliona jambo moja lililo rahisi: ndege zetu zilitokea upande mmoja wa shuka na za adui upande wa pili, labda aliyeitengeneza filamu hiyo alifanya hivyo ili watazamaji wasichanganyikiwe. Hakuna mtoto aliyehangaika tena na mabawa. Sisi tuliokaa nyuma tulishika kwamba adui anatokea mkono wa kulia, na ndege zetu zinatokea mkono wa kushoto.

Hili lilinisumbua. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na kusalimia, wa kushoto ni wa chooni, na sikuona kwa nini serikali itume ndege zetu zitokee upande wa chooni. Nilimuuliza mama alipokuwa akikoroga unga wa vitumbua vya kuuza asubuhi. Alinitandika kofi la mgongo, akasema, "Koma. Baba yako yupo huko, halafu wewe unamwekea mkosi." Sikuuliza tena. Niliamua kwamba huo ni ujanja wa vita, kwamba ndege zetu zinajificha upande ambao adui hatazamii kabisa, na nikajiona mwerevu kwa kuigundua siri hiyo. Nilikaa na siri yangu nikiitafuna kwa furaha.

Kesho yake Mzee Kondo alizunguka nyumba kwa nyumba na tangazo. Gari la sinema litarudi, na watoto watapimwa mbele ya watu. Watakaozitambua ndege watakuwa walinzi wa anga wa mtaa, na watapandishwa lori wapelekwe kambini kuwaimbia wapiganaji kabla hawajaondoka kwenda mpakani. Watu wengine hawaruhusiwi kufika huko, hata wake wa wapiganaji wenyewe. Mama alilisikia tangazo akiwa amesimama mlangoni na mwiko, akaniangalia. Kambi iliyotajwa ndiyo aliyokuwamo baba. Usiku ule mama alinisuka upya nywele zangu zote, taratibu, bila kunivuta hata mara moja, akaniambia, "Ukimwona mwambie mie mzima. Mwambie vitumbua vinatoka. Usilie mbele yake."

Wiki ile yote nilifanya mazoezi. Nililala chali uwani nikingoja ndege zinazoelekea uwanja wa ndege, nikizitazama zinatokea wapi. Sikuwa na shaka hata punje. Kuna wenzangu walioingia kwenye mtihani ule wakitetemeka. Mimi niliingia nikiwa nimeshaanza kupanga nyimbo nitakazomwimbia baba.

Gari liliporudi, kipaza sauti kilizimwa. Afande alisimama kando ya shuka, upande wa mbele, na kila mtoto aliitwa kusimama peke yake mbele ya umati, akilitazama shuka. Ndege ikipita unasema "yetu" au "adui", na afande anapiga nguzo kwa fimbo kukubali. Zaituni aliitwa kwanza. Alizipata zote, akashangiliwa, Bi Sihaba akapiga kigelegele kama aliyeoza binti. Wakafuata watoto wengine wa wenye nyumba, nao wakapita. Kisha likaitwa jina langu, wa kwanza kati yetu wa nyuma ya shuka.

Ndege ikatokea mkono wa kulia. Nikapaza sauti: "Adui!" Fimbo haikupiga nguzo. Watu wakacheka kidogo, cheko la huruma. Ikatokea nyingine mkono wa kushoto, nikasema, "Yetu!" Cheko likawa kubwa. Nikadhani wanacheka sauti yangu, nikaongeza sauti. Kila nilivyosema kwa uhakika ndivyo kiwanja kilivyochangamka, na kuna mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sikupata hata moja. Filamu ilipokwisha afande hakucheka. Alininyooshea ile fimbo, akawageukia watu.

"Sikilizeni. Mtu asiyejua anabahatisha, na anayebahatisha lazima apatie hata moja. Huyu hajapatia hata moja. Maana yake huyu anajua. Anajua zote, na anasema kinyume. Sasa mie nataka kujua kafundishwa na nani."

Nimeishi na watu wasomi tangu wakati huo, nimesikia hoja za kila namna, na sijasikia hoja iliyonyooka kuliko ile ya afande. Alikosea jambo moja tu, jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelisababisha kwa kutuambia twende nyuma.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza.

"Wa mpangaji wetu," alijibu Bi Sihaba kwa ile sauti yake ya asali. "Baba yake mchonga vinyago. Watu wa mpakani hao."

"Mpaka gani?"

"Afande, mpaka ni mpaka."

Mama alisimama kutoka kwenye mikeka. Sijui alipata wapi ujasiri. "Afande, baba yake yupo kambini kwenu. Mpiganaji."

"Basi hapo ndipo pabaya zaidi," alisema afande, na watu wakaguna kukubali. Nilimwona mama akikaa chini tena na kujifunika khanga, na walio karibu naye wakasogeza mikeka yao.

Baada yangu aliitwa Hamisi wa chumba cha mwisho. Hamisi tuliyekaa naye mchangani, goti kwa goti, tukikubaliana kila ndege. Alinitazama mara moja tu. Ndege ilipotokea mkono wa kulia akasema, "Yetu." Alikuwa amejifunza kwangu: kila nilichosema akakigeuza. Akapita, akabebwa juu juu, na wote waliotoka nyuma ya shuka wakapita kwa njia hiyo hiyo, wakikanyaga mgongo wangu.

Tuliporudi nyumbani Bi Sihaba alikuja mpaka uwani na taa yake ya chemli, akasimama. Hakusema mengi. Alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba Mzee Kondo asingependa kuulizwa na wakubwa amempangisha nani. Mama akachukua mti wa kusongea ugali, akanichapa palepale mbele yake, mbele ya taa yake, huku akiuliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Nani kakufundisha? Nani?" Nilikuwa sijui jibu lipi litamfanya aache. Bi Sihaba alitazama mpaka aliporidhika, akasema, "Basi, mama, mtoto atakufia," akaondoka na taa. Gizani mama alinikanda kwa maji ya chumvi, na hakuniomba radhi, wala mimi sikutarajia aombe. Alikuwa analinda chumba kile cha karibu na choo, kwa kuwa hatukuwa na kingine.

Toka siku hiyo jina langu likafa. Nikaitwa Adui. Watoto walianza, wakubwa wakapokea, na baada ya muda watu waliniita bila ubaya wowote, kama wanavyomwita mtu Kipara. "Adui, kaniletee kiberiti." "Adui, mwambie mama yako vitumbua viwili." Niliitika. Mtoto afanyeje?

Niliielewa siri ya shuka baadaye sana, nimeshavunja ungo, gari la sinema lilipoleta filamu ya kilimo. Nilipita nyuma kwenda dukani nikaona mkulima analima kwa mkono wa kushoto, nikarudi mbele nikaona analima kwa mkono wa kulia. Nilikimbia kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mie nifanye nacho nini?" Na miaka ya karibuni mwanangu wa kiume, ambaye ni fundi wa ndege, nilipomweleza zile ndege zilivyokuwa, mapanga mawili yanayozunguka, tumbo nene, vioo puani, aliniambia hizo ni za vita vya wazungu vya zamani, ziliacha kuruka kabla baba hajajua kushika patasi. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye vita vyetu. Mtaa mzima ulipimwa kwa ndege zilizokufa. Nilicheka, mwanangu akacheka pia, yeye hakujua anacheka nini.

Lakini niirudie siku ya lori. Wenzangu waliopita walipandishwa asubuhi, wamevaa mashati meupe, wakiimba. Nilisimama barazani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la sikukuu, endapo afande angebadili mawazo. Hamisi alinipungia mkono, halafu akakumbuka, akaushusha. Mama alinishika bega akanirudisha ndani, na siku nzima tulichambua mchele ambao hata mawe haukuwa nayo.

Jioni walirudi wamekauka sauti. Zaituni alikaa kwenye ngazi ya baraza, akatoa biskuti kutoka mfuko wa gauni, zile ngumu nene za jeshi, akaanza kutafuna akinitazama.

"Baba yako nimemwona," akasema.

Nilisogea. Nilisahau yote, jina na fimbo na kicheko, nikakaa karibu yake kama rafiki. "Yukoje?"

"Kanyolewa. Alikuwa anazunguka zunguka lori letu, anachungulia. Kaniuliza, mwanangu mbona simwoni?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hukutaka kuja."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kwa nini umesema hivyo?"

Zaituni aliacha kutafuna, akafikiri kweli, kwa sababu kwake lilikuwa swali la kawaida. "Ningemwambia nini? Kwamba wewe adui? Si ningemtia aibu mbele ya wenzie." Akatoa biskuti nyingine. "Hizi kakupa wewe. Lakini adui halishwi." Akaivunja, nusu akampa Hamisi aliyekuwa kando yetu, na Hamisi akala.

Nilimkuta mama chumbani nikamweleza nikiwa nimeshikilia khanga yake kwa mikono miwili. Nilimwomba twende, hata kwa miguu, hata nikae getini. Mama alisema wapiganaji wameshaondoka, lori lao lilitoka kabla ya lile la watoto. Nikamwambia basi tupeleke salamu kwa mtu. Akasema, "Hatuna mtu. Atarudi, utamweleza mwenyewe kwa mdomo wako."

Basi nikaandaa maneno. Kila nilipotumwa, kisimani, dukani, niliyasema kimoyomoyo: Baba, nilitaka kuja. Nilivaa gauni. Nilizuiwa. Niliyapunguza mpaka yakawa mafupi kabisa, kwa sababu nilijua siku ya kurudi kutakuwa na watu wengi na vigelegele, na huenda nisipate nafasi ya kusema mengi.

Vita vilikwisha. Malori yalirudi na matawi ya miti, watu wakacheza barabarani, na mimi nilisimama mstari wa mbele kabisa, safari hii hakuna aliyenisukuma nyuma. Nililitazama kila lori mpaka vumbi lilipotulia. Siku chache baadaye walikuja watu wawili na Mzee Kondo, wakamwita mama ukumbini, nikasikia kilio chake kikianza kabla hawajamaliza salamu.

Siku ya hitima alikuja mwanamume mmoja amevaa shati la kijani lililopauka. Aliitwa Faraji, alikuwa na baba kikosi kimoja tangu kambini. Alikula kidogo, akauliza, "Yule mtoto wake yuko wapi?" Bi Sihaba, aliyejipa kazi ya kusimamia sahani, akanivuta kwa mkono mpaka mbele yake. Zaituni alikuwa amesimama hapo hapo na sinia la wali.

Nikasema shikamoo. Faraji akaitika marahaba, akanishika kichwa. Alikuwa na uso mwema, hilo siwezi kumnyima. "Ndiyo wewe," alisema. "Baba yako hakuwa na hadithi nyingine. Tumelala handakini, ndege zinapita juu, kila mtu anamwomba Mungu wake, yeye anatuuliza, 'Hivi nyie, nilimkosea nini yule mtoto?' Tukawa tunamcheka. Mpaka asubuhi ya siku aliyouawa kaniuliza tena." Akainama uso wake uwe karibu na wangu. "Kwani alikukosea nini, mwanangu?"

Watu wa ukumbini waligeuka kusikiliza. Nilimtazama Zaituni. Alikuwa anatazama wali. Maneno yangu yote mafupi yalikuwepo mdomoni, lakini nilikuwa nimeyaandaa kwa baba, na huyu hakuwa baba. Bi Sihaba akanifinya begani. "Mjibu mgeni. Huna adabu?"

"Hakunikosea kitu," nikasema.

Faraji alitikisa kichwa taratibu, akanipapasa shavu. "Basi ungekuja kambini siku ile, mama," akaniambia kwa upole, "ukamwambia."